Mguu Usiouma

Kila asubuhi mama alitangulia sokoni na mboga zake, na Chiriku akabaki kumwandalia baba chai. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya domo lake. Darasani mwalimu alikuwa amechoka kumhamisha dawati, maana popote alipohamia, hata wale wapole walianza kupiga soga.

Baba yake alikuwa fundi mwashi, mtu wa miraba minne. Wiki chache zilizopita alipimwa zahanati, akaambiwa ana kisukari. Tangu hapo mama alimwachia Chiriku agizo: "Chai ya baba yako isiwe na sukari. Na dawa ameze ukimwona kwa macho yako."

Baba alicheka sana. "Kisukari ni ugonjwa wa wanaokaa ofisini. Mimi nabeba zege, mwanangu! Sukari itakaa wapi humu?" Alijitilia vijiko vitatu, akakitumbukiza kidonge mfukoni. "Mama yako akiuliza, nimemeza. Siri yetu, sawa?"

"Sawa, baba."

Chiriku alivimba kichwa. Watu wote walisema hana kifua, na sasa baba amemwamini! Kila jioni mama alipouliza, alijibu bila kupepesa macho, "Amemeza."

Siku moja baba na wenzake walimwaga zege la sakafu ya ghorofa. Kazi hiyo haikatizwi. Ikishaanza, ni mpaka mwisho, ama sivyo zege litashika vipande vipande. Asubuhi mapema maji ya saruji yaliingia ndani ya buti lake la mpira. Mwashi yeyote anajua kwamba maji hayo huunguza, na yakimwingia huhisi mguu unawaka, akatoka mbio kuuosha. Baba hakuhisi kitu. Alishinda nayo kutwa nzima.

"Hebu nivulie buti," alimwambia Chiriku jioni.

Soksi iligoma kutoka. Ilipotoka, ilitoka na ngozi.

"Baba, umeungua!"

"Mbona hauumi?" Baba aliubonyeza unyayo kwa kidole, akatabasamu. "Kama hauumi, si kitu. Funga kitambaa. Na mama yako asijue, atanizuia kwenda kazini, halafu tutakula nini?"

Chiriku alifunga. Siku zilizofuata baba alilala na soksi, akisingizia baridi. Harufu ilianza, naye akasema ni mabuti yake. Chiriku akaacha kuongea. Darasani alikaa kimya hadi mwalimu akamuuliza kama anaumwa.

Halafu ikafika asubuhi ambayo baba hakuamka. Alikuwa anatetemeka kwa homa, midomo imemkauka. Hata hivyo aliinua kidole na kukiweka mdomoni, akimwonya Chiriku anyamaze. Chiriku aliogopa kumkosea baba, lakini aliogopa zaidi kumzika. Alitoka mbio hadi sokoni, miguu mitupu.

"Mama, nimekudanganya," alisema huku akihema. "Baba hamezi dawa. Hajameza hata siku moja. Na mguu wake unaoza."

Mama hakumkemea. Aliziacha mboga pale pale chini, akakimbia.

Hospitali walimkata baba vidole vitatu vya mguu. "Mngechelewa kidogo, tungekata mguu wote, au mngemzika," daktari alimwambia mama. "Kisukari kimeua hisia za mguu. Hauumi kwa sababu umeharibika."

Chiriku alipoingia wodini, baba aligeukia ukutani. Hakumjibu hata salamu. Chiriku alirudi nyumbani akilia njia nzima, akijiona msaliti.

Kesho yake baba ndiye aliyemwita. Alikuwa amekonda uso.

"Niliogopa, mwanangu. Nilidhani nikikubali naumwa, msimamizi wa ujenzi hataniita tena kazini. Sasa vidole vimekwenda, na kusimama kwenye zege basi tena."

"Nisamehe, baba. Nilivunja ahadi."

"Ahadi ile haikufaa kutunzwa." Machozi yalimlengalenga. "Ugonjwa huu ulinila kimya kimya, nami nikakufundisha wewe kukaa kimya vilevile. Kosa ni langu. Mtu mzima akikuambia ufiche jambo linalomdhuru, usimfichie, hata akiwa baba yako. Sema. Hata nikikununia, sema."

Kisha akamwita muuguzi na kumwomba amweleze upya habari za kisukari, tangu mwanzo, kwa sababu siku ile zahanati alikuwa ametia pamba masikioni. Muuguzi alivuta kiti. Alieleza habari za chakula, za dawa, na za kukagua miguu kila siku. Alipofika kwenye madhara yake kwa macho na figo, baba aliushika mkono wa Chiriku, na hakuuachia mpaka muuguzi alipomaliza.