Hodi Iliyofutwa

Haya yalimpata Sumeiya, shoga wa mjukuu wangu. Tangu siku hiyo halali peke yake, yeye aliyekuwa akitucheka wazee.

Alikuwa kijijini Shela, hapa kisiwani Amu, peke yake ndani ya nyumba ya wageni isiyofunguliwa bado, akitengeneza kidude cha mlangoni cha kusema "Hodi" mgeni akibonyeza kitufe. Tajiri mwenye nyumba alikitaka asubuhi, la sivyo kazi angepewa mwingine. Programu ya lugha ya C huandikwa vipande vipande, kisha kompyuta huviunganisha. Yake ilikataa kuunganisha, ikidai hodi imeandikwa katika vipande viwili badala ya kimoja.

Akafuta moja. Ikadai bado ziko mbili. Magharibi ikaingia, stima zikapotea, ikabaki nuru ya kompyuta tu.

Akampigia simu Fahmi, mwenzake wa kazi.

"Una makengeza, Bi Sumeiya," Fahmi akamcheka. "Futa zote! Lazima ilalamike kuwa hakuna hata moja."

Akafuta zote. Kompyuta haikulalamika, iliunganisha kimya.

"Haiwezekani," Fahmi akasema, na kicheko kimemkauka.

Kidude kilikuwa mezani, waya umechomolewa.

"Hodi," ikasikika nje, taratibu.

Tumewakanya mara ngapi, baada ya magharibi wasiitike mpaka hodi ya tatu? Lakini mtoto aliyelelewa Amu haachi hodi bila jibu. Ulimi wa Sumeiya ukaitangulia akili.

"Karibu."

Hakusikia hatua. Alisikia komeo la mlango, lililo upande wa ndani, likivutwa polepole.