Mtafitiwa wa Kumi na Nne

Kirejeshi kilipanda kilima cha Isanzala kwa miguu yake minne ya chuma, kikasimama nje ya ua wa miba na kubisha hodi kama mgeni aliyelelewa vizuri. Kilikuwa kimebeba tasnifu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nyanda Kame walikwenda vijijini kuhoji watu, wakaahidi kurudi na matokeo, kisha wasionekane tena. Tasnifu zao zilihifadhiwa katika Hazina, ghala la kidijitali la chuo, ambamo dunia nzima iliweza kuzisoma isipokuwa wale waliohojiwa. Kirejeshi kiliundwa ili kuifuta aibu hiyo. Kilimtafuta mtafitiwa hadi nyumbani kwake na kumsomea, kwa maneno anayoyaelewa, yaliyoandikwa juu yake.

Aliyekiunda alikuwa Dkt. Atuganile Mwansasu, mkuu wa Hazina. Asubuhi hiyo alikuwa ofisini kwake Dodoma, akitazama kupitia macho ya mashine. Kwa kawaida hakuzifuatilia safari hizi, lakini wiki hii zamu ilikuwa ya tasnifu yake mwenyewe, aliyoiandika miaka kumi na miwili iliyopita kuhusu matumizi ya maji majumbani.

Tasnifu hiyo ndiyo iliyompa jina. Ilieleza kwamba wazee wanaoishi peke yao hutumia ndoo nne kwa siku, wakati mtu mwenye familia hutosheka na mbili, eti kwa kuwa hawana wa kuwachunga. Mgawi, akili unde inayogawa maji ya mkoa mzima kupitia mabomba ya majumbani, huisoma Hazina kila alfajiri. Aliisoma tasnifu ile akawahesabu wote wanaoishi peke yao kuwa wafujaji, akawabana: ndoo moja tu kwa siku. Atuganile naye aliishi peke yake, ghorofa ya tisa, akioga kwa kopo na kujivunia kuitii sayansi yake. Jioni hakuwa na wa kumsimulia hayo.

Wazee wa namna hiyo aliowatafiti walikuwa tisa. Kwa wanane, Kirejeshi kilibisha hodi bila kuitikiwa, na majirani wakasema wenye nyumba wamefariki. Atuganile alijaza neno “uzee” kwenye fomu, akaendelea na kazi. Huyu wa Isanzala ndiye pekee aliyebaki.

Bibi Mbeleje alitoka taratibu, amekonda sana. Aliiwekea mashine kigoda, maana mgeni ni mgeni, kisha yeye akaketi mkekani. Kirejeshi kikasoma: mtafitiwa wa kumi na nne, kikongwe aishiye peke yake, ndoo nne kwa siku. Bibi akaomba kirudie hapo. Kikarudia.

“Peke yangu?” aliuliza. “Wiki zile tatu sikuwa peke yangu. Yule binti alilala humu ndani. Nilimchotea ndoo ya kuoga asubuhi na nyingine jioni. Mgeni humpimii maji.”

Atuganile aliufungua upya ukurasa huo wa tasnifu. Alikumbuka. Nyumba zenye familia hazikuwa na nafasi, kwa hiyo kila kijiji alipelekwa kwa mzee aliyekuwa na kitanda kisicho na mtu. Kwa wote tisa alilala. Alipima kila ndoo iliyoingia uani, akaiandika, akaenda kuoga, na hakujihesabu. Msimamizi wake, watahini wawili na wasomaji elfu arobaini wa Hazina, hakuna aliyewahi kuuliza mtafiti alikuwa akioga maji ya nani. Sasa lile neno “uzee” aliloliandika mara nane lilimtisha.

Akawasha kipaza sauti.

“Bibi, ni mimi, Atuganile. Nilikosea.”

Bibi Mbeleje aliinama kuchungulia nyuma ya mashine. Hakuona mtu.

“Nilijua utarudi, mjukuu wangu,” alisema. “Ila nilidhani utakuja mwenyewe.”

Atuganile akalia. Kirejeshi hakikuundwa kupeleka kilio, hivyo kule uani kulikuwa kimya tu, na bibi aliendelea kukitazama akingoja jibu.

Hazina haifuti kitu. Hupokea marekebisho, mwandishi akikiri kosa, na shahada yake hurudishwa kuchunguzwa upya. Bila shahada ile Atuganile hakuwa na ofisi, na nje ya ofisi hakuwa na mtu. Aliandika: “Kaya hizi tisa zilikuwa na watu wawili wawili. Wa pili nilikuwa mimi.” Akatuma kabla ya saa sita mchana.

Alfajiri iliyofuata Mgawi alisoma, akawarudishia ndoo ya pili wote wanaoishi peke yao. Isanzala, Bibi Mbeleje alikinga ndoo zake mbili. Katika nyua nane nyingine, ambazo majina ya wenyewe hayakuwahi kufutwa katika orodha ya Mgawi, mabomba nayo yalifunguka, yakamwaga ndoo mbili mbili mchangani, yakajifunga. Atuganile alipofungua taarifa ya Mgawi alikuta mstari mmoja tu: maji yamewafikia wote tisa.