Boneti ya Marehemu Taratibu

Udongo ulikuwa na alama za vidole.

Fundi alikuwa ameweka donge laini juu ya injini mpya, akaishusha boneti ya zamani polepole, kisha akaipandisha tena. Ndivyo wanavyopima. Donge likilala bapa, maana yake boneti inagusa, itabidi itafutwe nyingine. Badala ya ubapa akakuta vidole vinne vimezama kwenye udongo, na cha tatu kilikuwa kifupi, hakina ncha.

Kidole cha namna ile alikuwa nacho mtu mmoja tu katika gereji nzima, kaka yake. Na kaka yake alikuwa amezikwa wiki sita zilizopita.

Walimwita Taratibu, kwa sababu kazi ya siku mbili aliimaliza baada ya miezi miwili. Wateja walilalamika hadi mate yakawakauka, lakini walirudi, maana alichokifunga yeye hakikufunguka. Gari alilokuwa akilipima fundi, la michezo, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko mkewe, lilikuwa lake mwenyewe. Alitoa injini ndogo iliyochoka akaingiza ya silinda sita, na hapo ndipo ndugu wakakosana. Injini ilikuwa imepanda juu mno, boneti ikagoma kufunga. Taratibu alitaka ile ya asili ibaki, apunguze hapa, ashushe pale. Fundi, mdogo mtu, alitaka inunuliwe ya faiba, ile plastiki ngumu, yenye nundu katikati.

"Wewe unapenda bati kuliko akili," mdogo mtu alisema, akatupa spana, akaondoka.

Alinuna siku tatu. Siku ya tatu, mpaka rangi wa gereji alimkuta Taratibu ameinama juu ya injini, mikono imo ndani, moyo umesimama. Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga, ila mjukuu huyu alikuja haraka kuliko watoto.

Sasa, gereji ile ilikuwa na desturi yake. Hakuna aliyeshusha boneti bila kuigonga mara mbili na kuuliza, "Mikono?" Aliyekuwa kwenye injini alijibu, "Nje!" Kama bado ameshika kitu alisema, "Bado!", na mwenzake akasubiri. Taratibu ndiye aliyeianzisha, tangu mwaka ule mdogo wake alipokuwa anajifunza kazi, akaangusha boneti bila kuuliza na kumkata ncha ya kidole.

Kwa hiyo fundi, baada ya kuufuta ule udongo huku akijiambia macho yamechoka, aligonga mara mbili kama alivyozoea. Ilikuwa saa sita mchana, wenzake wamekwenda kula.

"Mikono?" aliuliza, hewani tu.

"Bado," kikajibu kitu chini ya boneti.

Ikaja harufu ya ndimu. Taratibu alikuwa akinawa grisi kwa ndimu kila jioni. Lakini nyuma ya ndimu kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoungua.

Mpaka rangi alipoambiwa alicheka. "Hiyo njaa, fundi. Tumbo tupu lina maneno mengi." Akagonga mwenyewe. Alipojibiwa, alikwenda kukaa nje juani na hakucheka tena siku ile.

Kosa la fundi lilikuja baadaye, tena kwa nia njema. Alimwambia shemeji yake, mjane wa Taratibu. Alidhani atampa faraja.

Mjane alikuja na kigoda chake akakiweka mbele ya gari. Akaja kesho yake, na siku iliyofuata. Aligonga kwa kidole kimoja, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Umekula, mume wangu?"

"Bado."

"Umepumzika?"

"Bado."

Neno lilikuwa hilo hilo moja, na lilimtosha. Akaacha kula ili amsubiri. Mashavu yakabonyea, mikono ikawa baridi hata kwenye jua kali, na chini ya kucha zake ikaingia grisi nyeusi ambayo haikutoka kwa sabuni wala kwa brashi, ingawa hajawahi kushika spana maishani mwake. Fundi alimtazama akaona wazi kwamba atamzika na huyu pia.

Akamwita mganga, mama mmoja mwenye miwani minene. Mganga hakugusa gari. Alinusa tu.

"Huyu si kaka yako," alisema kwa sauti ya chini. "Kaka yako ameshakwenda. Hili ni jini. Lilikuta mahali wazi pana huzuni, likaingia. Linajua neno moja, nanyi mnalilisha kila mnapouliza."

"Tufanye nini, mama?"

"Funga. Isibaki tundu hata moja. Na usigonge, usiulize. Likisema, mtu yeyote asijibu."

Mpaka rangi akazunguka maduka akaleta boneti za kuchagua. Moja ya chuma, nzuri, lakini ilikuwa na matundu ya kupoza injini. Ile ya asili ingebidi itobolewe katikati ili injini ipate nafasi. Ikabaki ya faiba, nyepesi, yenye nundu, isiyo na upenyo. Ilikuwa ile ile waliyogombania. Fundi aliifunga bawaba huku machozi yakidondokea nati, kwa sababu alikuwa ameshinda ubishi na hakuwa na wa kumtambia.

Mjane alikataa kubaki nyumbani. "Niache nimuage, shemeji," aliomba. Fundi hakuwa na moyo wa kumkatalia.

Fundi akaishika boneti kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu kidole kile kikatike akaanza kuishusha bila kugonga na bila kuuliza, na sauti ikaanza chini yake, bado, bado, kwanza taratibu kisha kwa haraka, na harufu ya ndimu ikajaa gereji mpaka macho yakawasha, na ile sauti ambayo siku zote ilijua neno moja sasa ikasema, "Bado, mdogo wangu, mikono yangu imo, utanikata tena," naye akalia kwa sauti kama mtoto, akasukuma kwa uzito wake wote mpaka komeo likalia *tak*.

Sauti ikakatika.

Mganga akatoa pumzi. Mpaka rangi akajifuta jasho. Mjane alikuwa amesogea, ameweka viganja vyake juu ya ile nundu, anaipapasa.

Ndipo boneti ikagongwa kutoka ndani. Mara mbili.

"Mikono?" ile sauti ikauliza.

Mganga akaweka kidole mdomoni. Fundi akauma ulimi, maana jibu lilikuwa tayari limemfika kooni. Akamrukia shemeji yake amzibe mdomo, lakini alichelewa.

"Bado, mume wangu," alisema mjane, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hawakuiona tangu mazishi. "Yangu bado imo."

Komeo likafunguka lenyewe, na boneti ikainuka upana wa vidole viwili, ikasubiri.