Kioo cha Babu Usizime

Jua lilikuwa linazama, watu wanafunga droo zao, na Fundi alishatia mkoba begani bosi alipomwita kutoka mlangoni.

"Fundi, kabla hujaondoka. Kile kioo cha marehemu kule chini, kakizime."

"Leo hii?"

"Saa moja kamili upande wote wa jengo la zamani unakatwa umeme, wabomoaji wanaingia Jumatatu. Sitaki kusikia eti kuna kitu kimeungua. Futa takataka zake zote, zima, kisha nenda zako nyumbani."

Fundi alitaka kubisha. Angesema nini? Kwamba marehemu alimshika mkono hospitalini na kumwambia, nikiondoka usinizime? Bosi angecheka mpaka machozi.

Marehemu huyo watu walimwita Babu Usizime, kwa sababu kila swichi ya chumba chake aliibandikia karatasi yenye neno hilo moja. Alikaa kule chini miaka thelathini mbele ya terminali moja ya kizamani, ambayo ofisi nzima iliita kioo. Kisanduku chenye maandishi ya kijani na kibodi nzito, basi. Akili ya kazi ilikuwa kwenye mtambo mkubwa uliokwisha kuhamishiwa jengo jipya, na waya mrefu ndio uliounganisha hivyo viwili. Babu aliandika huku, mtambo ukajibu kule.

Na alikuwa na kituko chake. Kila mfanyakazi mpya aliitwa chini siku ya kwanza, akaambiwa aandike jina lake la utani kwenye ile kibodi na kubonyeza. Babu alisema, "Karibu kikaoni," akacheka peke yake. Watu walifanya wakasahau. Ila walipenda kutaniana kwamba ofisi yao haijawahi kuzika mtu. Ni kweli, haikuwahi. Aliyekufa wa kwanza ni Babu mwenyewe, miezi minne iliyopita.

Fundi peke yake ndiye aliyekataliwa. Alipoweka vidole juu ya kibodi siku ile, Babu alivipiga kofi. "Wewe hapana. Lazima abaki mmoja wa nje."

Pale mapokezi mdogo wake, aliyeajiriwa hapohapo kupokea wageni, alikuwa anamsubiri. Tumbo moja hao, wamepishana miaka miwili, na mama yao alimpa huyu mdogo jina la Redio tangu hajaota meno, maana alikuwa hanyamazi. Akila anaongea, akilala anaongea. Hata sasa alikuwa anaisimulia simu iliyokwisha kukatwa.

"Dada, unakwenda wapi tena? Mama kasema tusichelewe."

"Nashuka chini dakika kumi."

"Kwa mzimu wako? Msalimie! Mwambie bado sijaolewa, afanye mpango!"

Fundi alimwonyesha ngumi, akashuka huku anacheka. Mlinzi alikuwa juu ya ngazi, tochi mkononi, anapiga mluzi wake uleule wa kila siku. Wimbo mmoja miaka yote, na hajawahi kuumaliza bila kukosea.

Chumba cha chini kilinuka vumbi lililopashwa moto... na karafuu. Babu alikuwa anatafuna karafuu kutwa nzima. Lakini miezi minne, jamani? Harufu gani hiyo hukaa miezi minne?

Kioo kilikuwa kinawaka. Pale kwenye kona kimstari cha kijani kilikuwa kinapepesa, kinasubiri amri.

Fundi aliketi, akatoa kompyuta yake mkobani. Akauomba mtambo umwonyeshe kila kilichokuwa kinaendeshwa kwa jina la marehemu. Ni kazi aliyoifanya mara elfu. Kila programu inayokimbia mafundi huiita mchakato, na kila mchakato una mzazi aliyeuzaa. Ile inayoanzishwa kutoka kioo kimoja huwa kikao kimoja, na kikao kina mkuu wake. Kioo kikikatwa, mkuu hupata habari na kuwapasha wanawe, na wote hufa pamoja naye. Ndivyo ilivyo, hakuna uchawi hapo.

Orodha ikashuka. Mkuu wa kikao alikuwa Babu. Chini yake wana kumi, wamekimbia miaka na miaka, na kila mmoja jina lake.

mlinzi. dereva. karani. bosi...

"Mzee na utani wake," Fundi alisema kwa sauti, ili asikie sauti ya mtu. Akaanza kufagia kama alivyoagizwa. Akaandika amri ya kuua, akachagua wa kwanza, akabonyeza.

Mluzi juu ya ngazi ukakatika.

Katikati ya wimbo. Palepale.

Halafu kitu kikaanza kuteremka ngazi taratibu. Tok... tok... tok... Fundi aligeuka. Tochi ya mlinzi ilibingirika mpaka miguuni pake, ikatulia, inamulika ukuta.

Alipanda zile ngazi mbili mbili. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, midomo bado ameichongoa kama mtu apigaye mluzi. Fundi alimshika shingoni, akamshika kifuani, akamwita. Hakuna pumzi, hakuna chochote. Mwili ulikuwa na joto bado, na yeye Fundi ndiye aliyemuua kwa kidole kimoja.

Alirudi chini mbio, maana kulikuwa na jambo moja hakulitazama, na moyo ulishamwambia.

Mstari wa mwisho wa orodha.

redio.

Saa ya ukutani ilisema saa moja kasoro dakika kumi na nne. Dakika kumi na nne, umeme ukatwe, kioo kizimike, kikao kife. Mdogo wake alikuwa juu pale, amefunga mkoba, anamsubiri waende nyumbani.

Alimpigia bosi. "Bosi, zuia umeme usikatwe! Nakuomba, nakupigia magoti!"

"Una wazimu? Mafundi wa umeme wameshafungua sanduku lao huko barabarani, simu zao sina. Kwani kuna nini?"

"Mlinzi amekufa."

"Amekufa? Amekufaje? Subiri hapohapo, nakuja."

Akatafuta betri ya dharura chini ya meza. Palikuwa na alama ya vumbi tu ya pembe nne, betri yenyewe alishaihamisha jengo jipya wiki iliyopita, kwa mikono yake. Alijilaani mpaka akachoka.

Ikabaki njia moja. Mchakato unaweza kuachishwa. Unamwambia mkuu wa kikao, huyu mwondoe kwenye wanao, habari ya kifo ikija usimpe. Mtu wa nje hawezi kulifanya hilo. Ni mkuu mwenyewe tu, na mkuu husikia kibodi yake tu. Babu hakuwahi kufunga kikao chake hata siku moja, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi.

Fundi aliweka vidole juu ya kibodi aliyopigwa kofi asiiguse.

Ilikuwa na joto la mkono wa mtu.

Wa kwanza, na msimlaumu, alikuwa Redio. Aliandika amri ya kuachisha, akaandika jina, akabonyeza. Mtambo ukakubali. Harufu ya karafuu ikapanda ghafla, nzito, kama mtu amemwinamia begani.

"Nilikwambia..."

Mnong'ono. Nyuma ya sikio lake la kushoto.

Hakugeuka. "Babu, umeme unakatwa. Wanakufa wote."

"Najua..."

"Basi niache niwatoe."

"Watoe. Lakini wakitoka kwangu... watasema na nani?"

Hakumwelewa. Au alielewa na hakuwa na nafasi ya kuelewa, Mungu ndiye ajuaye. Alikuwa anaandika huku machozi yanadondokea kibodi. Dereva. Karani. Mama wa chai. Bosi. Mmoja mmoja mpaka wakaisha tisa. Nyuma yake mtu alishusha pumzi, pumzi ndefu ya mzee aliyechoka.

"Ulikuwa mwanafunzi wangu mzuri," ule mnong'ono ulisema. "Umesahau somo la kwanza."

Saa moja kamili.

Giza.

Kioo kilijikunja kuwa nukta moja ya kijani, nukta ikafifia. Karafuu nayo ikapotea, likabaki vumbi tupu.

Fundi alipapasa ukuta, akapanda ngazi, akampita mlinzi bila kumtazama. Mapokezi taa za barabarani zilikuwa zinaingia dirishani. Redio alikuwa amekaa pale alipomwacha. Fundi akamshika mabega, akaweka sikio kifuani pake, na moyo ulikuwa unadunda vizuri kabisa. Anapumua! Fundi alicheka, akalia, akambusu usoni kote.

"Uko hai, mdogo wangu. Uko hai. Twende kwa mama."

Redio alitazama mbele.

"Redio?"

Alimpungia mkono mbele ya macho. Akampigia makofi sikioni. Akamfinya. Yule mtu ambaye hata usingizini hanyamazi hakutoa hata mguno. Akakumbuka simu ya bosi, ilikuwa bado haijakatwa. Alipoiweka sikioni alisikia injini ya gari na pumzi ya mtu, inaingia, inatoka. Basi.

Hapo ndipo somo la kwanza lilipomrudia, akakaa sakafuni.

Babu alimfundisha wiki ya kwanza kabisa, kwa kumgonga kichwa na rula. Mchakato unasikia kupitia kioo, unasema kupitia kioo. Ukitaka kuuachisha, kwanza uupe mahali pengine pa kusikia na kusema, hata kama ni faili tupu. Ukisahau, hautakufa. Utaendelea kukimbia gizani, bila sikio na bila mdomo. Na hakuna amri ya kuurudisha. Kosa hilo hufanywa na wanafunzi, wakachekwa, mambo yakaisha. Fundi alilifanya mara tisa.

Madaktari waliwapima wote. Masikio mazima, ndimi nzima, ubongo mzima. Wakaandika mshtuko, kwa sababu ya kifo cha mlinzi, wakawarudisha makwao. Ukimlisha Redio anatafuna. Ukimwongoza anatembea. Kila jioni mama yao humchana nywele na kumsimulia ya mtaani, anayaacha mapengo ya majibu kama zamani, kisha anatazama pembeni ili asilie mbele yake. Hajamuuliza Fundi kitu. Afadhali angemuuliza.

Mtambo ule bado unafanya kazi jengo jipya. Kila usiku Fundi hufungua kompyuta yake mezani, huingia kwenye mtambo na kutazama orodha. Wana tisa wapo. Kwenye safu ya kuonyesha kioo chao, kila mmoja ana alama ya kuuliza. Na pale palipokuwa na namba ya mzazi, namba ya Babu, sasa pameandikwa moja. Ndiyo desturi ya mitambo hiyo. Mchakato ukifiwa na mzazi, hulelewa na namba moja, yule wa kwanza kabisa, aliyeamka kabla ya wengine wote.

Mafundi wana programu ya kuchungulia mchakato, unaona kila unachojaribu kufanya. Usiku wa tatu Fundi alimchungulia redio. Maneno yakaanza kumiminika.

Dada.

Kosa: hakuna terminali.

Dada, mbona giza?

Kosa: hakuna terminali.

Dada mwambie mama niko hapa. Dada unanisikia? Dada.

Alikuwa anaongea. Hakunyamaza hata dakika moja, usiku na mchana, kama Redio alivyo. Fundi alisoma mpaka alfajiri. Kujibu hakuweza, maana huko hakuna sikio. Amesoma hivyo kila siku, wiki tatu, na mama hajamwambia. Angemwambia nini?

Juzi ilikuja barua kutoka makao makuu, imesainiwa na mtu asiyejua lolote. Mtambo wa zamani utazimwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Fundi alikwenda, aliomba, alieleza. Walimpa likizo na namba ya mshauri nasaha. Funguo za chumba cha mtambo akanyang'anywa.

Leo ni Alhamisi.

Redio amekaa kitini, mikono mapajani, anatazama ukuta. Fundi yuko mezani, anasoma. Tangu magharibi maneno yamekuwa machache, na hilo halijawahi kutokea.

Dada, huku kuna mtu.

Kosa: hakuna terminali.

Alikuwepo siku zote. Nilidhani ni giza.

Kosa: hakuna terminali.

Anasema yeye ndiye mzazi wetu sasa. Anasema kesho tunakwenda kwake wote.

Fundi alishika kingo za meza. Kwenye kompyuta maneno yalisimama, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu.

"Redio, mwanangu," mama aliita kutoka jikoni, kwa mazoea tu. "Njoo ule."

Redio aligeuza kichwa.

Mama alidondosha sahani. "Amesikia! Fundi, mwenzio amesikia! Ameitika wito wa mama yake!"

Lakini Fundi alikuwa karibu, na aliyaona macho ya mdogo wake yalikokwenda. Hayakwenda jikoni. Yalikwenda pembeni mwa kabati, pale pasipo na kitu, yakapanda juu taratibu, kama ya mtoto anayemtazama mtu mzima aliyesimama mbele yake.

Kisha Redio akanyoosha mkono, ashikwe.