Gari Lililokataa Kushika Mwendo

Kila siku akitoka shule, Kaltumi alivua sare, akavaa gauni kuukuu lenye madoa ya oili, akaenda gereji. Gereji yenyewe ilikuwa uani kwao, chini ya kilima cha Kibuli. Ilikuwa na paa la mabati, benchi la mbao, na magari yaliyosubiri vipuri ambavyo miaka ile ya utawala wa wanajeshi havikupatikana madukani. Kaltumi aliosha vyuma kwa petroli na kumpa baba yake spana kabla hajaziomba. Baba yake, Fundi Marjan, aliwaambia wateja, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia."

Kisha akaja Anena.

Baba yake Anena, Oloya, alikuwa polisi wa Naguru na rafiki wa Fundi Marjan tangu ujana wao. Asubuhi moja alikwenda kazini na hakurudi. Watu hawakuuliza alikokwenda, kwa sababu kuuliza kulikuwa na hatari yake. Mama yake Anena akakimbilia kwa wazazi wake kaskazini akiwa na mtoto mchanga, na Anena akaachwa kwa Fundi Marjan ili aendelee na masomo.

Mwanzoni Kaltumi alimhurumia, akamgawia hata kitanda chake. Lakini Anena alikuwa na macho makali na mikono mitulivu, na alipenda injini. Haukupita muda mrefu, Fundi Marjan akawa anaita, "Anena, hebu njoo uangalie hapa!" Kila alipolisikia jina hilo, Kaltumi alihisi kama mtu anamfinya moyo. Usiku alimgeuzia Anena mgongo na kujifanya amelala.

Siku moja Kapteni Zubairi alileta gari kubwa la Kimarekani. Lilikuwa na kitu ambacho wasichana hao hawakuwahi kukiona. Dereva akishafikia mwendo anaoutaka, alibonyeza kitufe na kuondoa mguu, na gari likaendelea lenyewe kwa mwendo uleule mpaka akanyage breki.

"Sasa nabonyeza, nabonyeza, kitu hakuna," alisema Kapteni kwa Kiswahili chake cha kambini. "Kesho nataka gari yangu. Mimi naenda safari na wakubwa. Usinitie aibu, Fundi."

Fundi Marjan alikagua fyuzi, zikawa nzima. Akafuata nyaya, zikawa nzima. Anena alikuwa nyuma ya gari akifuta vumbi.

"Mjomba," aliita, "umekanyaga breki?"

"Hapana. Niko huku kwenye injini."

"Mbona taa za breki zinawaka?"

Fundi Marjan alizunguka nyuma, akaziangalia taa, akacheka kwa furaha. "Ndiyo hiyo! Swichi iliyo kwenye pedali ya breki imesogea. Gari linadhani breki imekanyagwa, na breki ikikanyagwa kifaa hiki hakishiki. Umeona mbali, mwanangu!"

Mwanangu! Neno hilo lilimchoma Kaltumi kuliko sifa zote zilizotangulia.

Fundi Marjan alirekebisha swichi, na taa zikazimika. Kisha akamwambia Anena akague mipira yote ya injini, hasa ule mwembamba unaovuta hewa kukipa kifaa nguvu. Anena aliivuta mmoja mmoja. "Yote imekaza, Mjomba."

Jioni, wote walipokwenda kunawa, Kaltumi alibaki. Boneti ilikuwa wazi. Alitazama huku na huku, akauchomoa ule mpira mwembamba na kuuficha chini ya waya mnene. Alitaka jambo moja tu, baba yake aone kwamba Anena si lolote.

Asubuhi Kapteni alikuja na askari wawili. Alimchukua Fundi Marjan wakalijaribu gari kwenye barabara ya Jinja. Waliporudi, Kapteni alishuka akaubamiza mlango.

"Nani aligusa gari yangu?" alifoka. "Huyu mtoto wa wapi? Nani alimfundisha kazi?" Kidole chake kilimwelekea Anena. Anena alirudi nyuma hadi ukutani.

Fundi Marjan alisimama mbele yake. "Ni mtoto wangu, Afande. Na gari nimetengeneza mimi. Kosa ni langu."

"Basi panda. Utaeleza vizuri huko mbele."

Askari mmoja alifungua mlango wa nyuma. Fundi Marjan alifuta mikono kwenye suruali, polepole, akainama kuingia. Hapo Kaltumi akakumbuka kwamba Oloya naye aliondoka asubuhi kama hii.

"Baba, ngoja!" alipiga kelele. "Mpira! Mpira umechomoka!"

Alikimbilia boneti, akaifungua, akautoa mpira chini ya waya na kuuchomeka mahali pake. Fundi Marjan aliikaza klipu inayoubana, akamsihi Kapteni wajaribu tena. Safari hii walirudi Kapteni akitabasamu.

"Naondoa mguu, gari inakwenda yenyewe!" alisema. Akamgusa Kaltumi kichwani. "Huyu ndiye fundi. Yule mwingine mpeleke jikoni."

Gari lilipotoweka, Fundi Marjan aliketi kwenye benchi kwa kishindo. "Kaltumi, umeniokoa," alisema. Kisha akamgeukia Anena. "Nilikuuliza kuhusu mipira. Ukaniambia yote imekaza."

"Ilikuwa imekaza, Mjomba," Anena alijibu kwa sauti ndogo. Alimtazama Kaltumi, akainamisha kichwa.

Hizo ndizo sifa Kaltumi alizozitamani. Sasa alizipata, na hazikuwa zake. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini Anena alikwisha kuanza kukusanya vitambaa vyake vya kufutia magari, kama mtu anayejua hatakiwi.

"Hajasema uongo," Kaltumi alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyeuchomoa jana. Nilitaka umwone hafai. Sikujua watakuchukua, Baba."

Fundi Marjan alimwonyesha Anena kwa kidole. Akasema, "Mwambie yeye, si mimi."

Kaltumi alimgeukia Anena. "Nisamehe. Nilikuonea wivu."

Anena aliyafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Sikuja kukunyang'anya baba," alisema. "Mimi namngoja wangu."

Fundi Marjan aliwavuta wote wawili, mmoja kulia, mwingine kushoto, akawaketisha kwenye benchi.

"Sikia, Kaltumi," alisema. "Nikimpenda Anena, sijakupunguzia wewe kitu. Mimi nami nimekosa, nilikuona umenuna nikapita tu. Ungekuja ukaniambia, 'Baba, naumia,' ningekusikiliza. Wewe ukaificha chuki yako, ikakua mpaka ukasahau kwamba unayemchimbia ni mtu. Leo ilibaki kidogo tu mama yako awe kama mama yake Anena. Umesema kweli wakati ambapo ungeweza kubaki na sifa, na kwa hilo nimefurahi. Lakini kumbuka hili: kazi nzuri ya mwenzako haikuharibii yako. Jifunze kutoka kwake, naye ajifunze kutoka kwako, nyote mtafika."

"Nimesikia, Baba."

"Na wewe, Anena, nisamehe. Nilipaswa kuliamini neno lako."

Nje ya lango mtu alikuwa akipiga honi, na lori bovu lilikuwa likikohoa moshi. Fundi Marjan aliinuka na kuchukua sanduku la spana. Wasichana wawili walilishika upande wa pili, wakambebea hadi nje.