Kadi Ishirini na Tatu

Saa tisa na dakika hamsini alasiri, Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, basi la Darasa la Alhamisi lilisimama nje ya ukumbi wa kanisa mjini Fairfax, Marekani. Kwenye ubao nyuma ya kiti cha dereva zilining'inia kadi za majina ishirini na tatu. Walishuka watu ishirini na wawili.

Audrey Cheruiyot alikuwa ametoka Springfield kumchukua baba yake. Alingoja mlangoni hadi mzee wa mwisho aliposhuka, kisha akapanda. Kwenye kiti cha kumi na nne, upande wa dirisha, koti la sufu la kijivu lilikuwa limesimamishwa wima mithili ya mtu aliyesinzia. Juu ya kola paliwekwa kofia.

Audrey aliinua kofia. Chini yake hapakuwa na kitu.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na mbili jioni, polisi wa kaunti waliukuta mwili wa Christopher Cheruiyot, miaka sabini na minane, katika shimo la gurudumu la kinu cha kale cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji, ambacho darasa lilikuwa limekwenda kukitembelea. Maji ya shimo yalikuwa ya kufika kifuani. Mzee alilala kifudifudi juu yake. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa bado vimenasa kwenye wavu wa chuma, na bakora ilielea kando.

Jalada alikabidhiwa Inspekta Cosmas Wambura, mzaliwa wa Musoma, kwa sababu mashahidi wengi walizungumza Kiswahili.

Shahidi wa kwanza, Ijumaa asubuhi, alikuwa Bupe, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyehudumia wazee majumbani kwa leseni ya jimbo. Siku za Alhamisi alisimamia darasa hilo. Lilikuwa la wazee wa Afrika Mashariki waliostaafu, pamoja na wazazi walioletwa Marekani na watoto wao. Walisikiliza mihadhara ukumbini, na mara moja kwa mwezi walisafiri.

"Kabla basi halijaondoka kinuni, uliwahesabu?"

"Nilihesabu kadi."

"Sikuuliza kadi."

"Kaka, wazee hawa hawahesabiwi." Bupe alifuta macho kwa kiganja. "Safari ya kwanza kabisa niliwanyooshea kidole. Mmoja, wawili, watatu. Kina mama wa Kenya wakashuka wote. Wakasema mtu akihesabiwa hupungua. Mzee Cheruiyot mwenyewe akaniambia, 'Binti, sisi si mbuzi wa mnada.' Ndiyo nikatengeneza kadi."

Utaratibu ulikuwa rahisi. Wakifika walikokwenda, kila mmoja alitoa kadi yake ubaoni anaposhuka, akaivaa shingoni, na kuitundika tena anapopanda kurudi; mwisho wa safari kadi zilibaki ubaoni. Ubao ukijaa, watu wametimia.

"Ulijaa saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika tano. Nikafunga mlango, nikamwambia dereva twende."

"Ulimwona Cheruiyot kwa macho?"

"Niliona koti. Niliona kofia. Audrey ameshapeleka malalamiko. Alhamisi ijayo naitwa na bodi ya leseni. Wakisema nilimtelekeza, sitamgusa mgonjwa tena jimboni humu. Na si leseni tu, kaka. Kila nikifumba macho naufunga ule mlango."

Wambura aliandika: *Kadi ilionekana. Mtu hakuonekana.*

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilifika Jumamosi. Nyonga ya kulia ilivunjika kwa kuanguka. Hapakuwa na jeraha la kupigwa. Baridi ilimlegeza, kisha akazama. Saa yake ya mkononi, zawadi ya Audrey, ilikuwa ya aina inayopima mapigo ya moyo. Mapigo yalipanda ghafla saa nane na dakika arobaini na moja. Yalikoma saa tisa na dakika thelathini na moja.

Kwenye wavu wa chuma palikuwa na mikwaruzo mipya. Mtaalamu wa maabara aliilinganisha na ncha ya chuma ya bakora. Alihesabu sitini na kitu, akaacha, kwa kuwa iliyofuata ilipanda juu ya iliyotangulia.

Mzee Fidelis, karani mstaafu wa ubalozi, kwa kawaida aliketi karibu na Cheruiyot. Wambura alimkuta nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Polisi hamli, mnakunywa kahawa tu. Kaa."

Wambura aliketi. "Wakati wa kurudi hukukaa kiti chako."

"Nilikwenda nyuma kucheza karata. Nilimpita pale. Nikamwambia, 'Cheruiyot, leo umeshiba historia, lala.'" Fidelis alitazama mikono yake. "Nimezungumza na koti, Inspekta. Na hadi sasa naona kama liliniitikia."

"Saa nane na dakika arobaini wenzako walikuwa wapi?"

"Ghorofani. Yule kijana Ryan, mwongoza wageni, alikuwa anatuonyesha mawe ya kusagia. Wengine tulikaa chini kupumzisha magoti. Nani alikuwepo, nani hakuwepo, siwezi kuapa."

"Ulisikia mtu anaita?"

"Pale maji yanaanguka bila kupumzika. Hata mwenzako wa ubavuni humsikii vizuri. Nilisikia kinu tu, tulipokuwa tunapanda basi. Ko. Ko. Ko. Nikasema, hawa wazungu bwana, gurudumu la miaka mia mbili na bado linagonga." Aliinua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa. "Linazunguka, sivyo?"

"Liliondolewa Agosti kwa matengenezo."

Fidelis alikisukuma kikombe mbali naye.

Ubao wa basi ulikuwa umepigwa picha jioni ileile, kabla mtu hajaugusa. Wambura aliitazama picha hiyo Jumapili kwa lenzi. Kadi ishirini na mbili zilionyesha majina. Ya kumi na nne, ya Cheruiyot, ilitazama ubao. Mgongo wake mweupe ndio uliokuwa nje. Juu ya plastiki yake palikuwa na alama za vidole za watu watatu: marehemu, Bupe, na dole gumba lisilojulikana.

Alimpigia Bupe simu. "Kugeuza kadi kuna maana gani kwenu?"

"Haina maana. Hakuna anayegeuza. Nitasomaje jina?"

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi cha kuchunguza. Kila Alhamisi, baada ya mhadhara, mzee mmoja alisimama na kusimulia maisha yake kwa dakika kumi. Bupe alizirekodi sauti hizo zote ili wajukuu wazipate. Zilikuwa kumi na nane. Wambura alisikiliza zote, kwa mfuatano wa tarehe, akiandika.

Rekodi ya kumi na tano ilikuwa ya Septemba. Dorothea Mugo, muuguzi mstaafu aliyeishi mji jirani wa Bowie, alieleza wodi aliyofanyia kazi ujana wake, katika hospitali ya wilaya nchini Kenya. Vitanda arobaini, kadi ya jina miguuni mwa kila kitanda. Mgonjwa akifariki, muuguzi hakutangaza. Aligeuza kadi itazame chuma cha kitanda, na wenzake wote wakajua.

Wambura alisimamisha sauti. Alirudisha nyuma, akasikiliza mara ya pili.

Rekodi ya mwisho ilikuwa ya tarehe 10 Oktoba, wiki moja kabla ya kifo. Sauti ya marehemu ilikuwa nzito na ya kupendeza. Alisimulia mafuriko ya Aprili 1987. Pikapu iliyobeba watu kwenda harusini ilizimika katikati ya mto. Yeye alikuwa mmoja wa abiria. Aliokoa wanne, akiwavuta hadi kwenye mwamba. Wa tano alikuwa msichana mdogo mwenye sweta ya njano.

"Nilimshika mkono," ilisema sauti. "Nikaona tutakwenda wote wawili. Nikamwachia. Hakulia, ndugu zangu. Alinitazama tu. Lakini wanne wako hai hadi leo, na wana watoto."

Makofi yalifuata. Ndani ya makofi kiti kilikwaruza sakafu, na viatu vya mtu mmoja vikaenda mlangoni.

"Nani huyo aliyetoka?" Wambura alimuuliza Fidelis kwa simu.

"Mama Dorothea. Tulidhani sukari imempanda."

Dorothea Mugo, miaka sabini na minne, alifika kituoni Jumanne saa tatu asubuhi, akiendesha gari mwenyewe. Alikubali kuchukuliwa alama za vidole bila swali. Dole gumba la kulia lililingana na la kwenye kadi. Kifuani mwa sweta alibandika saa ndogo ya wauguzi, ingawa alikuwa amestaafu miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Hiyo ni ya kwenu Tanzania. Nisalimie tu."

"Habari ya asubuhi?"

"Ni mzuri. Uliza."

Wambura alimsomea haki zake: kunyamaza, na kuwa na wakili.

"Wakili ni wa mtu mwenye kitu cha kupunguza," alisema Dorothea.

Wambura aliweka picha ya ubao mezani. "Kadi ya kumi na nne ina dole gumba lako."

"Ilikuwa imeanguka. Nikaitundika."

"Kwa kuigeuza?"

Dorothea aliinamia picha.

"Mama, wodini kwenu kadi iligeuzwa lini?"

"Mgonjwa akishafariki."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla, hapana. Sista wa wodi alikuwa anakufukuza kazi."

"Basi liliondoka saa tisa na dakika tano. Moyo wa Cheruiyot ulisimama saa tisa na dakika thelathini na moja. Ulipoigeuza kadi yake, alikuwa anagonga chuma kwa bakora."

Mlango wa mbali ulifungwa kwenye korido. Dorothea alishtuka, kisha akatulia.

"Nimeigeuza na sikujua," alisema. "Mkono ulifanya kazi yake."

"Lakini ulijua atakufa."

"Maji baridi vile. Nyonga imevunjika, nilisikia ikivunjika. Umri ule. Nilijua."

"Ulimsukuma?"

"Aii, hapana. Andika hivyo: hapana."

"Ilikuwaje?"

"Nilimwambia twende nje, hadithi yake imenigusa. Alifurahi. Alipenda kusimulia, yule mzee. Nikamuuliza, yule msichana, ulimshika kwa muda gani? Akasema, 'Mama, kama dakika moja hivi.' Akavuka mnyororo wa kuzuia wageni, akavua koti na kofia na kadi visilowe, akanipa nimshikie. Alitaka kushuka ngazi za shimo anionyeshe maji yalimfika wapi. Jiwe lilikuwa na utelezi."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Akashika wavu kwa mkono mmoja. Ule mwingine akaninyooshea. Ulikuwa karibu, Inspekta. Ningeinama ningeufikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikaangalia saa." Aligusa kifua. "Nikasimama dakika moja. Kamili. Kisha nikaenda kwenye basi, halikuwa na mtu, nikamwekea koti kwenye kiti chake."

"Alisema nini katika dakika hiyo?"

"Aliniita mama."

Wambura aliliandika neno hilo. Kinasa sauti kiliendelea.

"Msichana wa sweta ya njano aliitwa nani?"

"Nyokabi. Miaka tisa. Sweta niliifuma mimi." Sauti yake haikupanda. "Walioniletea habari walisema maji yalimchukua akiwa ndani ya gari, usingizini. Hakujua, walisema. Hakuona kitu. Nimelalia neno hilo miaka thelathini na saba. Halafu Alhamisi moja, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nasikia alikuwa macho. Nasikia alimtazama mtu. Na watu wanapiga makofi."

"Cheruiyot alijua wewe ni mama yake?"

"Hakujua. Sikumwambia."

"Hata alipokuwa majini?"

"Hata hapo. Angeomba msamaha. Sikutaka kumsikia akiomba."

"Kadi ulitundika kwa nini?"

"Ningeiacha, Bupe angemtafuta. Yule msichana hafungi mlango kadi moja ikikosekana. Kuliko kumwacha mtu, angetulaza pale."

"Ulijua lawama itamwangukia yeye?"

Kwa mara ya kwanza Dorothea alishusha macho. "Hilo sikulipima."

Alisoma maelezo yake kurasa sita, akasahihisha tahajia ya jina la mwanawe, akatia sahihi saa nne na dakika kumi na mbili. Alikamatwa papo hapo kwa shtaka la mauaji. Alivua saa ya kifuani mwenyewe na kuikabidhi.

Audrey aliarifiwa mchana huo. Alisikiliza maelezo yote kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza kwamba anaondoa malalamiko. Hakuuliza habari za mto. Aliomba nakala ya rekodi ya baba yake, kisha akasema hapana, asipewe.

Jumatano, saa tano na nusu asubuhi, Wambura alimpigia simu Bupe. Alimwambia bodi ya leseni imefuta kikao cha kesho. Rekodi yake ni safi. Anaweza kurudi kazini leo.

"Asante, kaka," alisema Bupe. "Mungu akubariki."

Kisha hakukata.

"Bupe?"

"Nipo. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Nilipofunga mlango, alikuwa ameshakufa?"

Ripoti ilikuwa wazi mbele ya Wambura.

"Hapana."

"Aliishi muda gani?"

"Dakika ishirini na sita."

Simu ilikatwa upande wa Bupe saa tano na dakika thelathini na nne.