Jina Lililotumwa Kabla ya Wakati

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule alipitia kituo cha redio, mama yake alikokuwa mhariri wa habari, akafanya kazi za shule kwenye meza ya pembeni. Darasani walimpa jina hilo kwa kuwa maneno hayakukaa kinywani mwake. Ukutani pale palikuwa na msumari. Karatasi iliyotundikwa msumarini haikusomwa hewani mpaka mama aipigie mstari kwa kalamu nyekundu, na Chiriku alilijua hilo vizuri.

Siku magaidi waliposhambulia stendi ya mabasi, simu zililia bila kupumzika. Mama alitundika karatasi msumarini, akakimbilia studio. Chiriku akaichungulia. Haikuwa na mstari mwekundu bado. Ilikuwa na majina matatu ya watu waliosemekana wamekufa, na la pili lilikuwa la fundi saa wa stendi, baba wa rafiki yake. Roho ilimruka. Lakini ukweli usemwe, alitaka pia kuwa wa kwanza kusema. Akachukua simu ya mama mezani, akaandika kwenye kundi la wazazi wa darasa: "Fundi saa amefariki. Poleni sana."

Nusu saa baadaye mama alirudi. "Fundi saa yuko hospitali, ameumia mguu tu. Aliyetupa majina alikosea. Afadhali hatukuyasoma."

Chiriku aliona haya. "Mama, mimi nimeshatuma."

Mama alichukua simu yake. Akaandika kwenye kundi kwamba habari ile si kweli, akaomba radhi, kisha wakaenda hospitali.

Rafiki yake alikuwa kwenye benchi la ukumbini, macho yamevimba. "Mama yangu alizimia aliposoma," alisema. "Na mimi nilijua sina baba tena."

"Nisamehe. Nilitaka niwe wa kwanza." Chiriku alilia kwa majuto. Rafiki alisogea kumpa nafasi ya kukaa.

Mama yake Chiriku alichuchumaa mbele yao. "Mimi nami nina kosa, simu niliiacha wazi. Lakini sikiliza, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Habari ya kifo huhakikishwa kwanza, na wenye msiba huambiwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Wale magaidi walitaka watu wapate hofu. Tukitangaza tusilolijua, tunawafanyia kazi yao."